Kwa Nini Kumbikumbi Huacha Mabawa Mlangoni

Sogeeni karibu, wa nyuma asije akasema hakusikia. Na anayetaka kunishuku aanze sasa hivi, maana hadithi yenyewe ni ya mchwa mmoja aliyeshuku kila kitu, na mpaka leo sijui kama alikosea.

Hapo kale kichuguu hakikuwa na tundu hata moja. Kilikuwa kimezibwa pande zote, mfano wa chungu kilichofunikwa na kukandikwa udongo. Majani makavu yalifuatwa kwa njia za chini kwa chini, askari mbele, vibarua katikati, askari nyuma. Uyoga uliolimwa katika bustani za ndani uliingia wote kwenye ghala la ikulu, kisha ukagawiwa kidogokidogo kwa waliolima. Na kila mchwa alipofikia ujana aliota mabawa, wakati huo hapakuwa na ubaguzi. Ila mabawa hayo hayakudumu. Kijana alipelekwa kwa mkata mabawa, yakanyofolewa, akapewa mzigo wake, basi.

Mfalme wa kichuguu hicho aliitwa Zimbwe. Aliishi katika chumba cha katikati, chumba kilichojengwa akiwa tayari yumo ndani, na mlango wake ulikuwa mdogo kuliko yeye. Amri zake zilitoka, yeye hakutoka. Wengi walizaliwa na kufa bila kumwona.

Mkata mabawa alikuwa Bi Kidawa, mjane mwenye jino kali na moyo usiotulia. Ukimwamkia, kwanza alijiuliza unataka nini. Ukimletea zawadi, aliigeuza chini juu akaichungulia. Majirani walimcheka, lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha hivyo. Vijana aliowakata mabawa waliambiwa wote kwamba ni kwa faida yao, na yeye ndiye aliyepewa jukumu la kuwaambia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanvita, binti mcheshi aliyempenda kupita kiasi. Mabawa ya Mwanvita yalikuwa yameanza kuchomoza. Kila Bi Kidawa alipoyaona aligeuza uso, kwa sababu alijua ni nani atakayetumwa kuyanyofoa.

Basi ukaja mwaka wa joto kali. Hewa ndani ya kichuguu ikawa nzito, bustani zikaoza, vibarua wakawa wanadondoka na mizigo yao njiani. Manung'uniko yakaanza. Mwanzoni yalikuwa ya chinichini, halafu watu wakawa wananung'unika hata askari akiwa anapita. Mfalme mjinga angeongeza askari. Zimbwe hakuwa mjinga. Yeye alifanya mageuzi.

Jemadari, mkuu wa askari, alikusanya watu wote akatangaza.

"Mfalme amesikia kilio chenu. Ameamua kufungua. Lakini tutafungua taratibu, na kila atakayesukuma ataturudisha nyuma sote."

Likatobolewa tundu moja, juu kabisa kwenye kilele. Upepo ukashuka. Wazee ambao hawakuwahi kuonja upepo maisha yao yote walisimama chini yake wakalia kama watoto. Ikulu ikangoja, ikatazama, ikasikiliza, ikaona hakuna aliyefanya fujo. Ndipo likatobolewa la pili. Baada ya hapo ikatoka amri nyingine, kwamba mkulima wa uyoga aruhusiwe kubakiza sehemu ya mavuno yake, ale au abadilishane na jirani. Nyuso zikanawiri. Palepale chini ya tundu la kwanza pakazuka soko, na nyimbo za kumsifu mfalme zikaimbwa bila mtu kulazimishwa.

Bi Kidawa alikula kama wengine, maana hakuwa mtu wa kususia chakula. Lakini alipokwisha kula alipanda hadi kileleni akalitazame hilo tundu kwa karibu. Alimkuta askari amekaa kando yake. Akajifanya amepotea njia, akazungumza naye habari za joto. Mara kishindo kikasikika nje, labda ndege alitua, na yule askari bila kuambiwa na mtu akatumbukiza kichwa chake tunduni. Kikaenea barabara. Hata uwazi wa kupenya unywele haukubaki. Bi Kidawa akaenda kwenye tundu la pili, akakuta ni vilevile. Matundu yale hayakupimwa kwa upepo. Yalipimwa kwa vichwa vya askari.

Alirudi nyumbani machale yakimcheza, akamsimulia binti yake.

"Lakini mama, upepo si unaingia?" Mwanvita akasema.

"Unaingia kwa sasa."

"Na tunashiba, si tunashiba? Wewe mama hata mvua unaishuku."

"Mvua najua inatoka wapi, mwanangu. Huruma ya Zimbwe sijui inatoka wapi."

Mwanvita akacheka, akamkumbatia, akatoka kwenda sokoni. Huko alikuwa amejiunga na vijana wenzake waliokaa kujadili mambo, jambo lililoanza kuvumiliwa siku zile. Walisema kama tundu limewezekana, kwa nini lisiwezekane lango? Kama mkulima anabakiza sehemu, kwa nini asibakize zote? Walisema haya kwa sauti, na askari walipita wakasikiliza, wasimkamate mtu. Jambo hilo ndilo lililomnyima Bi Kidawa raha kuliko yote.

Haukupita muda, yakatangazwa mageuzi makubwa zaidi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, malango yatafunguliwa, na vijana watakaochaguliwa wataruka nje kwenda kutafuta maisha. Mabawa yao yasikatwe. Kichuguu kizima kililipuka kwa vigelegele. Majina yalipotajwa, Bi Kidawa aliyasikiliza moja baada ya jingine, na moyo wake ukazidi kushuka. Walikuwa wale wale vijana wa sokoni, na Mwanvita akiwemo.

Siku ile ile Jemadari akamjia nyumbani, mwenyewe, bila askari. Mkononi alikuwa na kibuyu cha mafuta.

"Bi Kidawa, safari hii hukati. Unapaka. Kila bawa, kuanzia shinani hadi nchani, usiruke hata moja."

"Mafuta ya nini haya, Jemadari?"

"Ya baraka za mfalme."

"Na yanafanya nini?"

Jemadari alimtazama sana, kisha akaona haidhuru, mkata mabawa ni mtu wa serikali. Akamweleza. Bawa lililopakwa mafuta ya mfalme husikia ngoma ya mfalme. Askari wakigonga vichwa vyao ukutani kwa pamoja, bawa hugeuka likarudi nyumbani, apende asipende mwenye bawa. Vijana wataruka, watatafuta, watapata. Kisha ngoma itapigwa.

"Mfalme ni mwangalifu," Jemadari akasema. "Hafungui mlango asioweza kuufunga."

Bi Kidawa akaitikia kwa kichwa. Jemadari alipoondoka, Bi Kidawa akaketi chini. Akikataa kupaka, kazi atapewa mwingine. Akiwaambia vijana, habari itafika ikulu kabla hajamaliza kusema, maana kati ya vijana wa sokoni asingekosekana msikilizaji wa serikali. Na Mwanvita akibaki, mabawa yake yatakatwa, tena na jino la mama yake. Alilia mpaka akachoka. Kisha akainuka akaanza kazi.

Alipaka kama alivyoagizwa, kila bawa, shinani hadi nchani, na askari waliokuja kukagua hawakuona kasoro. Lakini kabla ya kupaka, kila alipoinama karibu na shina la bawa, alilichanja kidogo kwa jino. Alichanja kiasi cha bawa kushika angani na kukatika chini. Aliyekata mabawa umri wake wote alijua mahali pa kuchanja. Mafuta yakafunika mchanjo, na vijana wenyewe hawakuhisi kitu.

Mwanvita alikuwa wa mwisho. Kwake peke yake ndiko Bi Kidawa alikofungua mdomo.

"Ukitua tu, jisugue ardhini. Yatatoka. Usingoje, usigeuke nyuma, usisikilize ngoma yoyote."

"Nikiyavua nitarudije kukuona?"

"Hutarudi."

"Mama!" Mwanvita akamkodolea macho. "Mfalme ametufungulia, wewe unataka nisirudi? Nitapata mali huko, nitakuja kukutunza. Kwani siku zote lazima pawe na jambo nyuma ya jambo?"

Bi Kidawa alitaka kumweleza yote. Akatazama mlangoni, akaona kivuli cha askari, akanyamaza. Alisema tu, "Niahidi." Na Mwanvita, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akitetemeka, akaahidi.

Mvua ilinyesha, ikakatika alasiri. Malango yakatobolewa, askari wakajipanga duara kuyazunguka, meno nje. Vijana wakatoka. Ee, yalikuwa mandhari ya kupendeza! Anga lilijaa mabawa yanayometameta kwa mafuta, na ndani watu waliimba hadi sauti zikawakauka. Kisha ndege wakaja, na mijusi, na vyura, na wengi wakaliwa papo hapo machoni pa wazazi wao. Askari hawakusogea hatua. Waliambiwa walinde lango, hawakuambiwa walinde vijana.

Jua lilipokuwa linatua ngoma ikapigwa. Vichwa vikagonga ukuta, vikagonga tena, kichuguu kikatetemeka. Bi Kidawa alibana ubavu wake ukutani akangoja. Aliogopa kumsikia binti yake akirudi, na aliogopa zaidi kwamba hatarudi kwa sababu ameliwa. Ngoma ikaendelea. Mara lango likaanza kuchakarisha, na askari wakapiga kelele kwamba wanakuja, wanakuja.

Yalikuja mabawa. Mabawa matupu, yakiburutika juu ya ardhi yenye maji, moja baada ya jingine, hadi yakarundikana mlangoni. Hapakuwa na mchwa hata mmoja ndani yake. Wote waliotua salama walikuwa wamejisugua chini, kwa kuwashwa na mchanjo ule, yakakatika, wakaenda zao kwa miguu.

Bi Kidawa akaitwa ikulu. Alikwenda roho mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani alisimama mbele ya Mfalme Zimbwe, mzee mdogo kuliko alivyomdhania, pembeni yake bawa moja limewekwa juu ya kipande cha jani. Shina lake lilikuwa linaonekana vizuri.

"Jino lako ni zuri," mfalme akasema.

Bi Kidawa akalificha jino lake.

"Wale vijana walikuwa na maswali mengi. Sasa wamekwenda nayo, na hawatarudi, na hakuna atakayesema niliwafukuza." Mfalme akalisukuma bawa kando. "Mwakani uyachanje vivyo hivyo."

Asubuhi Jemadari akatangaza kwamba mageuzi yamefana, vijana wamefika salama, na malango yamezibwa kwa muda. Bi Kidawa aliyasikia hayo akiwa ameinama. Alishindwa kujua kama alimshinda mfalme au alimfanyia kazi yake. Je, mafuta yale yalikuwa ya kuwarudisha vijana, au yalikuwa ya kumfanya yeye awachanje? Alilifikiria jambo hilo kila siku, na kila siku alipata jibu tofauti.

Faraja yake ilikuwa moja tu, kwamba Mwanvita huenda yu hai. Misimu ikapita. Siku moja kibarua mmoja, rafiki wa siku nyingi, alirudi kutoka kufuata majani mbali, akamwambia ameona kichuguu kipya kando ya bonde, na malkia wake anaitwa Mwanvita. Bi Kidawa alipiga kigelegele, yeye ambaye hakuwahi kupiga. Akamtuma yule kibarua arudi na salamu zake. Amwambie mama yu mzima. Aulize tu kama mama anaweza kwenda kukaa naye.

Kibarua alirudi akiwa anatazama chini.

"Kichuguu chao hakina lango," akasema. "Kina tundu moja juu. Nilipokaribia, askari akaliziba kwa kichwa. Nikasema nimetumwa na mama wa malkia. Akaniambia ningoje. Nimengoja mpaka jua kwenda upande, ndipo jibu likaja."

"Amesema nini mwanangu?"

"Amesema anakupenda, Bi Kidawa. Na ameuliza ni nani amekutuma, na unataka nini hasa."

Bi Kidawa akasema, "Ni mwanangu kweli," akajifunika uso akalia.

Na tangu siku hiyo vibarua na askari hawaoti tena mabawa, wamezoea kukaa bila hayo. Wachache tu huota, ndio mnaowaita kumbikumbi, na hao, mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, hufunguliwa siku moja, askari wakisimama duara. Wakitua hujisugua chini, mabawa yakatoka, wakachimba, wakajifungia, na wao wakawa wafalme na malkia wa vichuguu vyenye tundu dogo na kichwa cha askari. Nyie mnaoamka asubuhi mkakuta mabawa yamerundikana mlangoni, fagieni tu. Ila msiniulize ni nani aliyegonga ngoma yakaja hapa kwenu. Nami nitawauliza kwa nini mnataka kujua.