Kiti cha Bosi Mutalemwa

Bosi Mutalemwa alipolipamba basi dogo la wakurugenzi, alijiagizia kiti cha ngozi chenye kukanda mgongo, kikafungwa nyuma. Dereva wake Sekibo, mgonjwa wa kiuno, akaachiwa kiti cha zamani, kigumu kama ubao.

"Dereva akistarehe atasinzia," bosi alisema.

"Kweli, bosi. Ila siku ya uzinduzi si utaliendesha mwenyewe, mbele ya wapiga picha?"

"Ulidhani nani?"

"Basi wakuone umekalia hiki changu?"

Bosi akaruka. "Fundi! Badilisha hivyo viti viwili leo hii!"

Siku ikafika. Bosi akaendesha mpaka getini, akapigiwa makofi, akampisha Sekibo kwenye usukani waanze safari ya Dodoma. Nyuma ilibaki nafasi moja tu.

"Sekibo! Mbona kiti hiki kigumu hivi?"

"Ndicho kile cha kutosinzia, bosi," Sekibo akajibu, mgongo wake ukikandwa taratibu.