Muhanga na Shimo la Njia ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo imetoka kwa watoto peke yao. Wakubwa mmeshiba mno? Nawaita tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, Mwenyezi Mungu alipokuwa amewaachia wanyama bonde lao wajitawale wenyewe, aliishi Muhanga. Mnamjua muhanga? Wengi hamjamwona. Masikio marefu kama ya punda. Pua ndefu. Mkia mnene. Na kucha! Kucha zake majembe. Chakula chake mchwa. Wenzake wakilala, yeye anachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Nikisema Muhanga anachimba, nanyi semeni hivyo hivyo. Haya.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Muhanga huyu alikuwa mama, tena alikuwa wakili. Nungunungu kakamatwa? Muhanga anasimama barazani kumtetea. Kanga kakamatwa? Muhanga anasimama. Panya kakamatwa? Panya na udogo wake wote, Muhanga anasimama. Hakudai kitu. Alijitolea tu.

Na walikuwa wanakamatwa kwa kosa gani? Kwa kunywa maji! Ndiyo. Sheria ya bonde ilisema wakubwa wanywe kwanza, wadogo wanywe wakubwa wakishamaliza. Na wakubwa wakishamaliza, kimebaki nini? Tope. Basi mdogo akibanwa na kiu anakwenda mapema. Akienda mapema anakamatwa. Muhanga anamtetea, anamtoa. Kesho anakamatwa mwingine.

Siku moja Kanga akamwambia, "Mama Wakili, kesi thelathini umeshinda na sisi bado tunakunywa tope."

Muhanga akafikiri. Akasema, "Kweli. Mimi napigana na mkia, na kichwa kiko Baraza Kuu kunakotungwa sheria. Nitagombea."

Lo! Bonde lote likashika mdomo. Kwa maana bonde lilipeleka mjumbe mmoja tu Baraza Kuu, na mjumbe huyo alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Vipindi vitatu, yeye. Hakuna aliyewahi kumpinga.

Kiboko alikuwa akifanya kampeni yake majini. Hatoki. Anatoa kichwa, puuuf! "Nichagueni! Maji kwa wote!"

Kanga akamwuliza, "Mheshimiwa, maji si hayo umeyakalia?"

"Nimeyakalia ili yasiondoke," akasema Kiboko. Akazama. Bulubulu-bulu.

Sasa sikilizeni namna walivyochagua. Hapakuwa na karatasi. Walipiga mlolongo. Kila mmoja anasimama nyuma ya mgombea amtakaye, mchana kweupe, kila jicho likiona. Jua likigusa kilima, Korongo anapita na miguu yake mirefu, anahesabu. Mwenye mlolongo mrefu ndiye mjumbe. Ni rahisi kuelewa, lakini inatisha. Utasimamaje nyuma ya Muhanga, na Kiboko anakutazama, na kesho unakwenda kwake kunywa maji?

Ikafika siku ya mlolongo. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo palikuwa na kesi. Kiboko ndiye aliyeomba isikilizwe siku hiyo, ili Muhanga akae kutwa barazani badala ya kuomba kura. Hakimu alikuwa Kifaru. Akakubali, hakuona ubaya. Na Kifaru mwenyewe haoni vizuri.

Baraza likakaa mchangani, ukingoni mwa maji, ili Mheshimiwa Kiboko asikilize bila kutoka majini.

Kifaru akasema, "Mnajua macho yangu ni mabovu. Tembo na panya kwangu ni vivuli viwili. Kwa hiyo semeni, mimi nisikie. Nani analalamika?"

"Mimi, Bibi Swala. Mwanangu ametumbukia shimoni, mguu umevunjika. Anamshtaki huyu Ngiri."

"Nani anamshtaki?"

"Mimi, Hakimu. Nimechanganyikiwa. Mimi ndiye ninayemshtaki. Ngiri ndiye aliyelichimba hilo shimo."

"Umemwona akichimba?"

"Sikumwona. Nimemsikia akijisifu. Kila siku anasema mashimo yote ya bonde hili ni kazi ya pembe zake."

Wanyama wakaguna. Ni kweli. Kila mmoja alimsikia.

Ngiri akasogea mbele. Hukumu yake aliijua: kufukuzwa bondeni, yeye na mkewe na watoto wanne, waende jangwani. "Hakimu," akasema, "nilikuwa najisifu tu! Sijawahi kuchimba hata kishimo cha kuzikia ganda la ndizi. Nilisema vile ili mama watoto aniheshimu."

Mkewe akamtazama. Mtazamo ule, jamani, afadhali jangwa.

"Kuna shimo," akasema Kifaru. "Kuna mguu uliovunjika. Na kuna kinywa kilichojisifu. Wakili wake yuko wapi?"

Muhanga akasimama. Alikuwa amejiandaa. Akauliza, "Bibi Swala, pole sana na mwanao. Shimo lenyewe liko wapi?"

"Njia ya kwenda majini, Wakili. Juu kule kilimani, pale kwenye kichuguu chekundu. Lilikuwa bichi, udongo bado una unyevu."

Muhanga akazitazama kucha zake.

Kichuguu chekundu. Alikuwa amekula mchwa pale. Siku tatu zilizopita, ametoka kwenye kesi, ana njaa, ana haraka. Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akala, akaondoka. Hakutazama nyuma kama pale ni njia.

Masikio yake marefu yakalala.

Ngiri akanong'ona, "Wakili! Mbona kimya? Sema kitu, naondoka na watoto!"

Muhanga akatazama mbele. Aliona wadogo wote wamekuja, wanamngoja, kiu iko machoni. Akilisema hili, mlolongo umekufa. Asiposema, Ngiri ataondoka kwa shimo la mwingine. Na siku yenyewe ndiyo hii. Nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Mimi nimejiuliza miaka mingi, na jibu langu halinipendezi.

Muhanga akasema, "Mheshimiwa Hakimu, naomba nitoke upande wa mawakili."

"Uende wapi?"

"Niende upande wa mshtakiwa. Ngiri akakae na watoto wake. Shimo lile nimelichimba mimi."

Puuuf! Kiboko akaibuka mpaka mabegani. "Mmesikia? Mmemsikia mgombea wenu? Mvunja miguu ya watoto!" Akacheka mpaka maji yakapiga mawimbi.

Muhanga akamgeukia Swala. "Bibi, nilikuwa na njaa, nikachimba njiani, nikaacha wazi. Sina la kujitetea. Nimekukosea, na nimemkosea mwanao."

Kisha Ngiri akakuna shavu.

"Wakili," akasema polepole, "kumbe wewe unachimba?"

"Nachimba. Kila usiku nachimba."

"Basi na shimo ninaloishi mimi... maana nililikuta tu..."

"Lenye mlango unaotazama mawio? Hilo nililichimba, nikalala humo mwaka mmoja, nikahama."

Nungunungu akasogea. "Na letu? Bibi yangu alituambia lilishuka na mvua."

"Lile la chini ya jiwe? Nilimchimbia bibi yako. Alikuwa mjane, alikuwa analala nje. Alikuwa amelala nilipolichimba, sikutaka kumwamsha."

"Na la kwangu?" akasema Nguchiro. "Na letu?" akasema Mbweha. "Na lile refu tulimoingia mwaka wa moto?"

Mwaka wa moto! Mnajua? Nyasi ziliwaka siku mbili. Wenye mbio walikimbia, na wasio na mbio waliingia chini. Wakubwa kwa wadogo, adui na adui wake, wamebanana shimoni, moto unapita juu, vuuuu! Walipotoka walikuwa hai. Walimshukuru Mungu, na walifanya vizuri. Ila hawakuuliza Mungu aliwaokoa kwa mkono wa nani.

Sasa wakautazama mkono wenyewe. Kucha zilizolika. Udongo mwekundu bado uko ndani yake.

Pakawa kimya. Ndugu zangu, kimya kile kilikuwa kama cha nyumba ya ibada kabla ya sala. Kiboko mwenyewe aliacha kucheka. Kwa maana kila mmoja alikuwa amewahi kusema nyumba yangu nimeichimba mwenyewe. Si Ngiri peke yake. Na mimi pia. Paa langu waliliezeka majirani nilipokuwa mgonjwa, na wageni wangapi nimewaambia niliezeka peke yangu! Mungu anisamehe.

Kifaru akakohoa. "Mema yake nimeyasikia. Lakini mguu umevunjika, na mguu haujui mema. Hukumu yangu: Muhanga, ulichofukua utakifukia. Peke yako, kwa kucha zako, leo, kabla jua halijagusa kilima. Na mtoto wa Swala utampelekea maji kila asubuhi mpaka atembee vizuri."

"Nimekubali, Hakimu. Ila nina swali. Asubuhi maji ni ya wakubwa. Nitayachota vipi?"

Kifaru akatikisa pembe yake. "Mimi naifuata sheria," akasema. "Kuibadilisha ni kazi ya anayeitunga."

Muhanga akainama, akashika njia ya kichuguu chekundu. Hakuomba kura hata moja.

"Mgombea amekimbia uwanja!" akapiga kelele Kiboko. "Korongo, andika! Sina mpinzani!"

Korongo akainua mguu mmoja, akafikiri, akaushusha. "Sheria inasema mlolongo huhesabiwa nyuma ya mgombea, popote alipo."

"Sheria gani hiyo ya kipumbavu? Nani aliitunga?"

"Wewe, Mheshimiwa. Kipindi cha kwanza. Ulisema jua linakuchoma ngozi, hutaki kutoka majini."

Kanga akacheka, kekekeke, akaziba mdomo.

"Sawa!" akanguruma Kiboko. "Nendeni! Kilima ni kirefu na mimi nina macho. Atakayekwenda nitamwona. Kesho ana kiu, si atakuja hapa?"

Wadogo wakarudi nyuma hatua moja. Wengine wakajipanga nyuma ya Kiboko, kwato majini, vichwa chini. Jua likashuka kidogo. Likashuka tena.

Kisha akatoka mmoja. Bibi Swala. Mwanawe anachechemea ubavuni. Tap, tap, ti. Tap, tap, ti. Wakapanda kilima wawili tu, bonde zima linatazama.

Juu kule Muhanga alikuwa anafukia. Kwaru, kwaru, kwaru!

Swala akasimama nyuma yake. Akasema, "Sijakusamehe, Wakili. Mwanangu usiku analia. Usifikiri nimekusamehe."

"Sifikiri hivyo, Bibi."

"Lakini wengine wangenidanganya, na wewe umeniambia kweli. Wewe fukia. Mimi nasimama hapa."

Muhanga akainamia udongo, machozi yakamtoka. Hakugeuka nyuma. Jua lilikuwa linakimbia na shimo bado. Kwaru, kwaru, kwaru!

Akasikia kwato. Hakugeuka. Akasikia miba inagongana, cha-cha-cha. Hakugeuka. Akasikia pumzi, nyingi, kubwa na ndogo, kama upepo mahali pasipo upepo. Hakugeuka, maana hukumu ni hukumu.

Jua likagusa kilima. Muhanga akatupia udongo wa mwisho, akaukanyaga, pu, pu, pu. Hapo ndipo akageuka.

Mlolongo! Swala, na mwanawe, na Ngiri na mkewe na watoto wanne, na Nungunungu, na Nguchiro na Mbweha wamesimama bila kutazamana vibaya. Nyuma yao wengine. Nyuma yao wengine. Umeshuka kilima, umepita nyasi, umezunguka mawe, jua jekundu liko juu ya migongo yao yote. Na hakuna anayesema. Tembo, ambaye sheria ya maji haikumwonea hata siku moja, naye yumo katikati, amemtanguliza panya.

Muhanga akashtuka. "Jamani," akauliza, "nani amekufa?"

Korongo alikuwa anakuja anahesabu, hatua, mdomo, hatua, mdomo. Alikuwa ameanzia mwisho. "Hajafa mtu," akasema. "Nimeanza kuhesabu kwenye maji. Mkia wa mlolongo wako umeanzia pale pale alipokaa Kiboko. Waliokuwa nyuma yake wamegeuka." Akainama mpaka mdomo ukagusa udongo mbichi. "Mheshimiwa."

Muhanga akakaa chini. Puu! Kama mtoto. Akamshukuru Mungu wake kwa sauti ndogo.

Alipofika Baraza Kuu alitunga sheria mbili. Ya kwanza: mwenye kiu anywe. Ya pili: anayechimba njiani afukie, au aweke tawi wenzake waone. Hiyo ya pili ilimbana yeye kuliko mnyama yeyote. Na kila asubuhi, kabla ya Baraza, alimpelekea mtoto wa Swala maji. Mguu ulipona, ila mvua ikitaka kunyesha ulimuuma.

Funzo lake nalisema wazi, hata aliyesinzia alichukue. Anayetaka kuwatungia wenzake sheria, kwanza akubali sheria imhukumu yeye. Ukikosa, sema nimekosa, hata kama siku yenyewe ni mbaya ya kusema. Na unapomshukuru Mungu kwa nyumba unayolala, uliza pia ni mkono wa nani alioutuma.

Hadithi yangu imefika mwisho, nami naifukia hapa hapa tulipokaa. Atakayepita juu yake asivunjike mguu.