Karamu ya Bwana Shekue

Bi Mwanakombo, muuza vitumbua, ndiye aliyempasha Mwatumu habari kwanza: Bwana Shekue alikuwa ameandaa karamu ya kuwakutanisha wafanyabiashara na wenye hoteli wa Tanga. Mwatumu alikuwa akipika sabuni ya karafuu nyumbani, na hakuna hoteli iliyokuwa ikimjua. Akaenda kuomba nafasi.

"Sabuni nauza mimi," alisema Bwana Shekue, aliyekuwa na duka la jumla. "Niletee zako zote nizipige chapa yangu. Kama hutaki, hukai na wageni wangu."

"Basi baba, niruhusu niwanawishe mikono. Birika na beseni nitakuja navyo."

"Bure?"

"Bure."

"Na neno la biashara yako lisikutoke mdomoni!"

"Halitanitoka, baba."

Pilau ilipopakuliwa, Mwatumu alizunguka kimya akimimina maji na kukabidhi sabuni. Mwenye hoteli mmoja akanusa kiganja chake. Jirani yake naye akanusa.

"Binti, sabuni hii yatoka wapi?"

"Samahani, Bwana Shekue amenikataza kusema. Muulizeni mwenyewe."

Shingo zote zikamgeukia Bwana Shekue. Kudai ni yake hakuweza, maana sabuni ya dukani kwake wageni walikuwa wakiinunua na kuijua. Akakohoa.

"Ni yake huyo huyo," akasema. "Anaipika nyumbani kwake, Makorora."

Asubuhi yake Mwatumu alimfuata dukani, akamshukuru sana kwa kumtangaza, kisha akamwomba gari la kupelekea hotelini sabuni ambazo wageni wale walikuwa wamemwagiza.