Udongo wa Juu

Wapendwa, kaeni vizuri, na mwenye usingizi aamshwe na jirani yake. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa mifano naitwa mpaka mitaa ya mbali, na hajatoka mtu kabla sijamaliza. Ila huu wa leo haufurahishi. Ningekuwa na mwingine ningewapa huo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa jirani na kiwanja kilichoachwa. Zamani pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Mwenyewe alipofunga aliondoka na mabati yake, akawaachia watu udongo. Ajira ikaenda naye, mtaa ukachoka. Mama akalima mchicha ukingoni mwa kile kiwanja, akauza, akala na mwanawe.

Alikuwa na binti wa miaka saba aliyejua mapambio yote ya kanisani. Mwaka ule binti akaanza kushikwa na tumbo, kisha akawa anasahau. Akianza pambio, mstari wa pili haupo. Daktari wa wilaya akashuku sumu ya betri, akamwambia mama kwamba kipimo chake hana. Akasema, "Niletee karatasi inayosema udongo wenu una sumu, nami nitamwandikia aende hospitali kubwa."

Mwezi haukuisha, serikali ikatenga fedha ya kupima viwanja vya namna ile. Barua ikasomwa mkutanoni: udongo ukionekana mchafu, utasafishwa kwa fedha ya umma, ukionekana safi, faili linafungwa. Mama alilia kwa furaha.

Lakini sisi tukisikia neno kupimwa tunataka nini? Si kufaulu?

Mwenyekiti wa mtaa akasimama, akauliza: tukiambiwa tunakaa juu ya sumu, nani atapanga vyumba vyetu? Nani atakuja kuoa kwetu? Akamgeukia mama. "Na wewe mama, mchicha wako utamuuzia nani? Mbuzi?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa aibu. Hapo ndipo alipompoteza mtoto wake, akicheka.

Mwenyekiti alikuwa ameshamdodosa dereva wa wapimaji aliyeileta ile barua: wanachota udongo wa juu tu, kina cha kiganja. Basi wiki nzima mtaa ukabeba udongo mzuri kutoka bondeni, kwa ndoo na toroli, ukautandaza kiwanja kizima. Kwaya ya vijana ikapelekwa kufanyia mazoezi pale pale, ili ushindiliwe kwa miguu. Na aliyebeba ndoo nyingi kuliko wote alikuwa nani? Mnamjua.

Wapimaji wakaja, wakachota, wakanyweshwa soda, wakaondoka. Karatasi ikarudi: safi. Vigelegele vikapigwa.

Mama akampeleka binti kwa daktari, mwenyekiti akiwasindikiza kwa heshima zote. Daktari akaisoma karatasi mara mbili.

"Basi si udongo," akasema. "Heri tumeliondoa hilo. Nitamwandikia dawa ya minyoo."

Mama akafungua mdomo. Mwenyekiti akakohoa kidogo tu. Mama akasema, "Asante, daktari."

Mnatikisa vichwa? Msitikise. Sisi tunaokaa kwenye mabenchi haya tunakuja kila Jumapili na udongo wa juu. Tunamwomba Mungu atupime, halafu tunamtandazia kiganja kimoja cha udongo mzuri ili achote hapo. Aliyempiga mkewe jana, leo anatoa ushuhuda. Asiyesemezana na dada yake miaka minne ndiye anayeongoza sala ya amani. Na mimi, msidhani sina ndoo yangu. Tukishapata karatasi ya safi tunashangilia, tunarudi nyumbani na ugonjwa ule ule.

Najua mnataka kuniuliza kama binti alipona. Jamani, mfano ni wangu. Niliwahi kumtoa mtu tumboni mwa chatu, akatoka na kofia yake kichwani. Huyu binti nimeshindwa. Njia nzima nikija hapa nimemtafutia dawa, na daktari mzuri nilishampa, na fedha ya serikali nilishampa. Kila nikimfikisha pale mezani kwa daktari, mama anayejua kinachomuua anashukuru, anafunga mlango taratibu. Nimfanyeje?

Tuinamishe vichwa tuombe. Na tafadhali, leo asianze mtu na asante.