Vidole vya Mzee Mrutu

Zamani, madini yalipokuwa yangali yakisema na watu, Chuma hakuwa na usingizi. Kila masika Kutu alikuja kumtafuna: leo jembe, kesho mnyororo wa daraja. Madaraja mawili yalikuwa yameanguka na watu juu yake. La tatu alipewa Nakiete, binti mhunzi, alijenge, na mawingu yalishajaa mlimani.

Nakiete alikaa, akasimama, akatoka, akarudi. Mwishowe akamwendea Zinki, madini wa kijivu aliyeishi peke yake, akamwomba amfunike Chuma.

“Nitamfunika,” Zinki alisema. “Kutu akija, ataanza na mimi. Lakini sitaki kitu kati ya ngozi yangu na yake. Hata jasho.”

Nakiete akaosha pete za mnyororo kwa maji makali mpaka zikang’aa. Ndipo baba yake, Mzee Mrutu, akaingia karakanani, viganja vikimeremeta mafuta ya kondoo. Desturi ilikuwa hiyo: kila chuma kipya kibarikiwe kwa mkono wa mkubwa.

“Baba, safari hii usizishike.”

“Nimeshika kila chuma cha humu tangu hujaota meno,” mzee alisema, akaikamata pete moja.

Nakiete akaona haya kuiosha tena mbele yake. Akazitumbukiza pete na Zinki katika maji ya chumvi, akamwita Radi apite humo taratibu. Radi akapita, na Zinki akamenyeka chembe kwa chembe, akahamia juu ya Chuma.

Mvua ikaja. Kila asubuhi Nakiete alikimbilia darajani, akazipapasa pete. Zinki alikuwa akigeuka unga mweupe, Chuma mzima chini yake. Siku ya tisa akaona wekundu wa kutu kwenye pete moja: alama ya vidole vitano. Akawarudisha waliokuwa wakivuka, mama wa mwisho alimvuta kwa nguo. Pete ikakatika, daraja likaenda na maji.

Kwenye kipande cha pete kilichobaki ukingoni, Mzee Mrutu akaweka kiganja juu ya ile alama. Kikaenea sawasawa.

“Mbona hukunizuia?”

“Nilikuzuia, baba. Kisha nikakuogopa.”

Pete mpya zilipooshwa, mzee akafunga mikono mgongoni, akazibariki kwa mdomo tu.

Na tangu siku hiyo, Zinki huliwa kwanza ili Chuma apone. Na wanaopaka zinki, hata katika karakana za leo zenye umeme, hukiosha chuma, wakakibeba kwa ndoano za waya. Mkubwa akija kuwatakia heri, husimama mlangoni, mikono mgongoni, akabariki kwa mdomo tu.