Mwanya Ukingoni mwa Bakuli

Mji wa Zafarani ulitawaliwa na Sultani Mundhiri, mwenye hazina ya dhahabu asiyoitazama, kwani moyo wake ulikwama katika bakuli na sahani za udongo, zilizofinyangwa kwa mikono mitupu na wanawake wa jangwa la mbali, wakaao katika nyumba za udongo zilizopandana, na kila chombo kilizungushiwa ukingoni mstari mweusi usiokutana, ulioachiwa mwanya mdogo.

Hilali, mtunza vyombo, ndiye aliyetumwa kuvinunua, na mfinyanzi mmoja kizee alimwusia kwamba mwanya ule ni mlango wa jini aliyemo ndani, wala usizibwe. Lakini Sultani hakupenda kasoro. Siku ya harusi ya bintiye Durra aliamuru mianya yote izibwe kwa wino kabla ya karamu, na Hilali, kwa kuihofia shingo yake, akaumeza wasia ule na akaziba. Bakuli moja tu, kipenzi cha Sultani, lilizibwa na Sultani mwenyewe.

Wageni walipotia mikono katika pilau, milango ya kasri ikageuka kuta, na madirisha yakafuata, na pakabaki mwanga wa mishumaa iliyoanza kufifia kwa kukosa hewa. Kisha vyombo vikanena kwa sauti moja:

"Mmetufungia milango yetu, nasi tumewafungia yenu. Mkituvunja, mtabaki humu milele. Mkono uliofunga ndio utakaofungua."

Hilali alipiga magoti akakiri mbele ya wote kwamba alijua na akanyamaza. Akakwangua wino kwa kucha, chombo baada ya chombo, hadi vidole vikatoka damu. Likabaki bakuli la Sultani, na Durra alikuwa ameanguka, midomo imekuwa ya kijivu.

"Hilo ulilifunga wewe, maulana," Hilali akasema. "Mimi siliwezi."

Sultani akaligeuzageuza bakuli mikononi. "Sasa halina kasoro," akanong'ona, na Hilali akaogopa kuliko alivyowaogopa majini, kwa kuwa alimwona baba akifikiri.

"Baba," Durra akaita kwa shida.

Hapo Sultani akavua pete zake, akakwangua huku akilia, na milango ikarudi. Bwana harusi, mwana wa waziri, akawa wa kwanza kutoka, akimruka bibi harusi wake pale sakafuni, wala hakuthubutu kurudi kufunga ndoa.

Durra akaolewa na Hilali kwa hiari yake mwenyewe, wakajaaliwa mali na watoto, na watu wa Zafarani wakapata la kuwausia wana wao: usizibe mwanya kabla hujamuuliza aliyeuacha. Sultani akaishi miaka mingi, mlango wake wazi hata wakati wa baridi. Lakini Durra, ambaye naye alimwona akifikiri, hakula naye tena sinia moja.