Kwa Nini Mwenye Nyumba Hupiga Hodi Mlangoni Kwake

Sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mimi kisa hiki sikicheki.

Hapo kale nyumba ilikuwa ya mtu. Narudia: ya mtu. Panya alikuwa na shimo lake kichakani, mende alikuwa na gogo lake bovu, na kunguni alilala pangoni pamoja na popo. Kiumbe yeyote aliyetaka kuingia kwa watu alisimama nje akapiga hodi kama wenzake. Na watu nao walikuwa na sheria yao: hodi hujibiwa karibu, na karibu ikishatoka kinywani hairudi. Ni sheria nzuri, kwa wenye haya.

Huko milimani aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Nyumba yake aliikandika mwenyewe, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, kwa udongo aliouchota bondeni na kuupandisha kichwani. Mumewe, Sekiete, alikuwa mwema kupita kiasi. Kutwa alikaa kwenye kigoda akichonga mipini ya majembe, na akisikia hodi alijibu karibu kabla hata hajainua macho kumtazama anayeingia. Watu walimsifu sana kwa ukarimu. Lakini sifa hazikandiki ukuta.

Mwaka mmoja masika yalizidi. Panya akaja amelowa chepechepe, akapiga hodi. "Karibu," akasema Sekiete. Mende naye akaja, akakaribishwa. Kumbe nyuma yake kulikuwa na ukoo mzima, na wote wakaingia kwa karibu ile ile moja. Kunguni alikuja mwisho, mnyenyekevu mno. Alisema hana haja na chakula cha mtu, anaomba kulala tu. Kulala tu! Asubuhi watoto waliamka wamevimba migongo.

Nakijwa alivumilia siku mbili, kama desturi inavyotaka, na siku ya tatu akawapa jembe. Panya alisema viganja vyake ni vidogo. Mende alisema mgongo unamsumbua. Kunguni alikuwa ameshiba, amelala. Tunaambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani aliyepona katika nyumba ile? Nionyesheni.

Hayo yote angeyameza. Ila juu ya jiko, pale moshi unapopita, vilining'inia vibuyu viwili vya mbegu ya mtama, na hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yao yote. Mvua ikipungua ingepandwa. Isipopandwa, watoto watatu wangekufa njaa. Siku moja Nakijwa akakuta kibuyu kimoja kimetobolewa, kitupu, na Panya amejinyoosha chini yake, tumbo juu.

"Watoe leo hii," akamwambia mumewe.

"Mama watoto, nimewakaribisha kwa kinywa changu mwenyewe. Nitawatoaje?"

"Basi kinywa hicho ndicho kitakachowalisha wanao?"

Sekiete akainama, akaendelea kuchonga mpini. Nakijwa akaenda kwa wazee, na wazee, ambao vibuyu vyao vilikuwa vizima, wakamjibu kwamba karibu hairudishwi. Hasira hunipanda kila ninapofika hapa.

Hakurudi nyumbani. Alishuka hadi njia ya mtoni, ambako siafu walikuwa wakivuka kwa safu yao ndefu. Siku hizo siafu hawakuwahi kuingia nyumba ya mtu, maana hawakuwahi kuomba. Akamweleza mkuu wao shida yake, akamwomba waje wawatoe wageni wale.

"Sisi hatujui hodi wala karibu," akasema mkuu wa siafu. "Tukiingia, nyote mtoke. Nyama yoyote tutakayoikuta ndani ni yetu, hatuchagui. Tukimaliza tutaondoka wenyewe."

"Na mbegu yangu?"

"Mbegu si nyama."

Wakaja alasiri ile ile. Nakijwa akabeba mtoto mdogo, akawatanguliza wakubwa, akatoka na mkeka wake. Sekiete alikataa. Alisema hajapata kuona mwenye nyumba akitolewa nyumbani kwake, akakaa imara kwenye kigoda. Muda si muda alitoka mbio akirukaruka, nguo mkononi, mbele ya majirani na mbele ya mama mkwe wake. Maneno aliyoyatoa siku hiyo siyarudii hapa.

Basi wakakaa uani kwenye matope, familia nzima, wakiutazama mlango wao wenyewe. Mara Nakijwa akashika kichwa. Kuku wake alikuwa amelalia mayai pembeni mwa jiko, naye alimfunga mguu kwa kamba asitangetange. Akamsikia akilia mara moja, na hakuweza kuingia kumfungua.

Siafu walipotoka kwa upande wa nyuma wa nyumba, Nakijwa alikwenda akasimama mlangoni. Hakujua kama wamekwisha wote. Nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, akaogopa kutia mguu! Akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya tangu nyumba zianze kujengwa. Akaita, "Hodi!"

Hakujibiwa. Akaingia. Kunguni hakubaki hata mmoja. Pembeni mwa jiko palikuwa na kamba na manyoya. Kibuyu kilikuwa kizima. Akakishusha, akakikumbatia, akalia, na hakulia kwa furaha. Alilia kwa uchungu wa kulipa kwa kuku wake ili kuwatoa wageni ambao hakuwaita yeye. Mtama ule ulipandwa, na watoto wakala.

Lakini Panya alikuwa amechomoka kwa tundu la ukutani, na mende kadhaa nyuma yake, na kunguni wawili walikuwa wamejishikiza kwenye mkeka uliotolewa nje. Siafu walipokwenda zao, wageni hao wakarudi. Safari hii hodi haikusikika. Nakijwa alimkuta Panya darini, akamwuliza hodi yake iko wapi. "Nilipiga hodi nikaletewa siafu," Panya akajibu. "Sasa naingia kimya." Oneni ufedhuli huo! Kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Na tangu siku hiyo panya, mende na kunguni huingia bila hodi, na wakimwona mtu hujificha, kwa kuwa wanajua hakuna aliyewakaribisha. Na siafu wakija, hakuna anayebishana nao. Mwenye nyumba humfungua kuku mguu, hubeba watoto, hukaa nje mpaka wamalize.

Msidhani sheria ya hodi imefutwa. Mtazameni mtu anayerudi safari, nyumba yake imefungwa wiki nzima. Hutikisa mlango, hukohoa, huita hodi, kisha husubiri kidogo. Ameijenga yeye, ufunguo anao yeye, na ndiye peke yake katika wote wanaolala humo anayeomba kuingia.